Mawazo Yakija: Mwongozo wa Siku 66 kutoka Uyole

Kwetu mtu akipungua mwili na kukaa kimya kibarazani, majirani wanasema, "Ana mawazo." Hakuna anayeuliza ni mawazo gani. Kiswahili kimelibebesha neno hilo mizigo miwili: mawazo ya akili inayofanya kazi, na mawazo ya moyo uliolemewa. Nilichelewa kuelewa kwamba mizigo hiyo inaweza kutenganishwa, na kwamba kuitenganisha ni kazi ya mikono inayoweza kufundishwa, kama kuchambua mbegu.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa viazi. Nanunua mashambani upande wa Isyonje, nashusha Uyole na Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mzigo mkubwa unakwenda Dar es Salaam kwa fuso. Mwaka mmoja wa mvua nyingi gari lilikwama siku tatu na viazi vikaanza kutoa maji ndani ya magunia. Nilikuwa nimechukua mkopo kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu. Kwa miezi kadhaa nikawa naamka saa nane usiku kupiga hesabu ileile, na jibu lilikuwa lilelile. Watu walinipa moyo: "Fikiria mazuri." "Usiwe na mawazo." Walinitakia heri, nami nawashukuru, ila hakuna aliyenionyesha namna. Ninayoyaandika hapa ndiyo namna: mazoezi ninayoyafanya hadi leo, pamoja na yale ambayo wataalamu wameyapima.

Kabla hujaanza, jiangalie kwanza

Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito au hata kile ulichokipenda hakikufurahishi tena, na usingizi umeharibika, chakula hakipiti, mwili hauna nguvu au akili haitulii kwenye kazi, usianze na daftari. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Nenda zahanati au kituo cha afya, useme wazi unavyojisikia, kisha uombe rufaa ya kwenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Usiseme "kichwa kinaniuma" halafu ukarudi na panadoli. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa kuogopa jina la ukichaa, na tunarudi nyumbani na mzigo tuliokwenda nao.

Na kama yanakujia mawazo ya kufa au ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, usibaki peke yako, na umwombe akusindikize hospitali. Dawa za shambani zitoke nyumbani, zikakae kwa mtu unayemwamini. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu huku kwetu nyumba nyingi zina chupa ya dawa ya viazi au ya nyanya chini ya kitanda.

Mazoezi haya yanaweza kwenda sambamba na matibabu. Hayachukui nafasi yake.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kuandika tu

Nunua daftari dogo linaloingia kwenye mkoba au mfuko wa koti. Kwa siku saba usijaribu kubadilisha chochote. Andika mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya kugusa simu, mchana, na usiku. Andika saa, mahali ulipo, na neno moja la unachohisi.

Hilo neno moja ndilo gumu. Tumezoea kujibu "salama", "poa", "tunamshukuru Mungu", na majibu hayo yana kazi yake ya adabu, lakini mtu akiyatumia hadi ndani ya kifua chake mwenyewe anapotea. Lugha yetu ina maneno ya kutosha. Huzuni si sawa na simanzi. Hofu ina kitu inachokitazama, wasiwasi hauna. Kuna kinyongo, uchungu, fedheha, majuto, upweke, wivu, unyonge, kuchoka, kukata tamaa. Jaribu maneno mawili matatu mpaka moja likae. Siku ya nne ya daftari langu niligundua kwamba kile nilichokuwa nakiita "hasira" kwa wapakiaji kilikuwa aibu: nilikuwa nimewachelewesha malipo, na kila nikiwaona nilijisikia kuvuliwa nguo.

Kuipa hisia jina lake kunaonekana jambo dogo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walichapisha utafiti uliopima ubongo wa watu walioonyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala, yaani sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilipunguza kazi yake. Ndiyo maana naanza hapa na si kwenye maneno matamu ya kujipa moyo.

Kwenye ukurasa wa asubuhi ongeza jambo moja: ulilalaje. Wanyakyusa wanasalimiana "Ugonile?", na salamu hiyo inauliza usingizi, maana kugona ni kulala. Wazee walijua pa kuanzia kumpima mtu.

Hatua ya pili: pumzi

Hili ni fupi. Kaa au simama. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lijae kabla ya kifua. Toa taratibu ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Siri iko kwenye kutoa. Mtu anapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kidogo kupitia neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukiurefusha mtoko wa pumzi unauambia mwili, kwa lugha yake, kwamba hatari imepita. Mimi hufanya kwenye daladala kati ya Uyole na Mwanjelwa, na hakuna anayejua. Fanya kwanza siku za utulivu. Anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko hajifunzi.

Hatua ya tatu: kilichotokea, na ulichojiambia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nakuomba usome taratibu.

Miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck, aliyefanya kazi Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mkondo wa mawazo ya haraka ambayo wao wenyewe hawakuyaona yakipita. Tukio linatokea, wazo linachomoza kama cheche, na kabla mtu hajaligundua hisia imeshafika. Mtu anadhani tukio ndilo lililomuumiza, kumbe katikati kulikuwa na mpita njia.

Gawa ukurasa wa daftari mafungu matatu kwa mistari. La kwanza: kilichotokea. La pili: nilichojiambia. La tatu: ninachokijua kweli.

Nikupe mfano wangu. Alhamisi moja nilimpigia dalali wa Dar mara nne, hakupokea. Mzigo ulikuwa umefika alfajiri. Kufika saa tano asubuhi nilikuwa natetemeka, na nilikuwa nimemgombeza binti anayenisaidia pale kibandani kwa kosa ambalo hata silikumbuki. Niliingia nyuma ya magunia, nikafungua daftari.

Kilichotokea: nimepiga simu mara nne, haijapokelewa.

Nilichojiambia: ameshauza, ameninyima. Nitalipaje rejesho la Jumatatu? Watachukua friji. Wanangu wataona friji inabebwa. Mimi ni mtu wa kushindwa tu, hata mama yangu aliliona hilo.

Tazama umbali huo. Kutoka kwenye simu isiyopokelewa hadi kwa mama yangu, ambaye hajawahi kunitamkia neno kama hilo. Safari yote hiyo ilichukua muda wa kufunga gunia moja.

Ninachokijua kweli: alhamisi soko linajaa. Dalali huyu ameshanilipa mara nyingi. Mara mbili alichelewa, zote alilipa. Sijui kama ameuza. Rejesho la Jumatatu ni kweli, na nusu yake ninayo.

Saa nane mchana alipiga. Simu yake ilikuwa imezimika chaji. Ila nisikudanganye kwamba mambo huishia hivyo kila mara. Msimu uliofuata dalali mwingine aliniibia kweli, na zoezi halikunirudishia hata shilingi. Lilichofanya ni kuniacha na hasara yenye ukubwa wake. Kwenye fungu la tatu niliandika "nimepoteza laki nne na elfu sitini". Kwenye fungu la pili nilikuwa nimeandika "nimekwisha". Laki nne na elfu sitini mtu anaweza kupanga namna ya kuzifidia. "Nimekwisha" haina pa kushikia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa mtazamo mzuri ni kutazama upande wa mazuri peke yake. Mfanyabiashara anayeandika faida kwenye ukurasa wa hasara atafilisika huku anacheka. Moyo mzuri unataka hesabu za kweli, zisizoongezwa chumvi upande wowote.

Ukikwama kwenye fungu la tatu, jiulize: mdogo wangu angeniletea jambo hili hili, ningemwambia nini? Karibu kila mara tuna huruma na busara kwa wengine, tukijigeukia wenyewe tunakuwa mahakimu wakali. Andika yale maneno ambayo ungemwambia, neno kwa neno, kisha jisomee.

Fanya ukurasa mmoja kwa siku, si zaidi. Baada ya wiki tatu hivi utaanza kulikamata lile wazo la cheche likiwa bado hewani, kabla ya daftari. Yangu yalikuwa na mwendo mmoja: kila jambo dogo lilikimbilia kwenye "wanangu wataona". Nilipoujua mwendo huo, nikawa naulaki: "Umekuja tena wewe wa friji."

Hatua ya nne: yape mawazo saa yake

Mawazo ya usiku hayafukuziki. Ukiyafukuza yanarudi na ndugu zake. Yape miadi.

Chagua dakika 20 au 30 za kila siku, saa ileile, mahali palepale, mbali na kitanda. Mimi nimechagua saa kumi na moja jioni, kwenye kigoda nyuma ya jiko. Wazo la wasiwasi likija saa nyingine, andika neno moja kwenye daftari, "ada", "gari", "presha ya baba", kisha liahidi: tutaonana saa kumi na moja. Saa hiyo ikifika, kaa nayo kweli. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake walichapisha utafiti wa njia hii, wakiwapa watu nusu saa ya wasiwasi kila siku.

Ukiwa kwenye kigoda, chambua. Wazo lenye hatua, andika hatua na siku yake. "Mkopo" likawa: Jumatatu nakwenda kwa aliyenikopesha, naomba kupunguziwa rejesho na kuongezewa muda. Nilikwenda, alikubali nusu ya nilichoomba. Wazo lisilo na hatua, kama mvua ya Isyonje au bei itakayokuwepo mwezi ujao, litaje kwa sauti kwamba halina hatua, kisha liache likae hapo. Dakika zikiisha, simama, ufanye kazi ya mikono: kuosha sufuria, kumenya viazi.

Wiki mbili za kwanza nilijisikia kama ninaigiza. Wiki ya tatu nililala hadi saa kumi alfajiri bila kushtuka.

Mwili, hasa mwezi wa sita na wa saba

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe na Makete baridi yao ni kali zaidi, mpaka sakitu inaunguza majani ya viazi. Miezi hiyo watu hujifungia. Madirisha yanafungwa, simu inaingia chini ya blanketi, mtu anaonana na jua akiwa anavuka barabara tu. Kisha anashangaa mbona moyo umefifia.

Toka nje asubuhi, hata kama kuna ukungu. Nusu saa ya kutembea kwa mwendo wa mtu anayewahi kitu, siku tano kwa wiki, inatosha kuanzia. Iringa mjini wana mwamba wa Gangilonga wa kupanda, sisi tuna Loleza juu ya mji. Huko juu nenda na wenzako na si peke yako. Ukiwa njiani usizungumze na simu. Tafuta vitu vitano vya kuona, vinne vya kusikia, vitatu vya kugusa au kunusa: umande kwenye majani ya mparachichi, kishindo cha lori linalobadili gia kuelekea Tunduma, harufu ya udongo uliolimwa jana. Akili inayohesabu vitu vilivyopo mbele yake haina nafasi ya kukimbilia kwenye friji.

Kuna jambo lazima nilitaje kila ninapozungumzia baridi. Usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma na uchovu, na inaua familia nzima zikiwa usingizini. Vaa sweta mbili.

Kuhusu pombe, iwe ulanzi, komoni au ya chupa: inamlaza mtu haraka, kisha inamkatishia usingizi usiku wa manane, saa ambayo mawazo yana nguvu kuliko yeye. Iandike kwenye daftari pamoja na usingizi wa usiku huo kwa wiki mbili, halafu uamue mwenyewe.

Hatua ya tano: shukrani yenye jina

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambao watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo waliyoyashukuru. Waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri kuliko walioandika kero zao. Nami naandika mara moja kwa wiki, Jumapili jioni. Kila siku ilinichosha, nikawa naandika "uzima" kama mtu anayegonga muhuri.

Iwe na jina na mahali. "Familia" haitoshi. Andika: binti alinichemshia togwa bila kuambiwa. Kondakta alinirudishia chenji niliyokuwa nimeisahau. Na usishukuru kwa kujilinganisha na aliyelazwa wodini au aliyefiwa. Shukrani ya namna hiyo ina hofu ndani yake, na mwenzako si kipimo cha bahati yako.

Hatua ya sita: mtafute mtu wa kukusikiliza

Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni lile neno letu, ana mawazo. Bibi humwacha mtu aeleze shida zake zote, kisha wanachagua moja tu ya kuanza nayo, na mtu anaondoka na hatua ya kuifanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi benchi tunazo. Vicoba, jumuiya, kibaraza cha jirani. Kinachokosekana mara nyingi ni kuomba vizuri. Mimi nilimfuata mama mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima kuliko mimi, nikamwambia: "Shikamoo mama. Nina jambo, naomba unisikilize tu kwanza, ushauri utanipa mwishoni." Akasema, "Marahaba mwanangu. Kaa." Alimenya maharage mabichi muda wote nikiongea, na kule kutotazamwa usoni kulinisaidia kusema. Nilipomaliza aliuliza swali moja: "Katika hayo yote, lipi linakuamsha usiku?"

Chagua mtu asiyepeleka maneno. Na zamu yako ikifika, msikilize mwenzako bila kukimbilia kumwambia yako yalivyokuwa makubwa zaidi.

Siku utakayoshindwa

Itakuwepo. Utasahau daftari, utamgombeza mtoto, utalala na simu. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia iende yenyewe, lakini mwingine siku 18, na kwa mwingine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Kwa hiyo usilipe deni la jana kwa kurudia kurasa mbili. Andika tarehe ya leo, uendelee.

Usianze hatua zote kwa pamoja. Daftari wiki ya kwanza, pumzi ya pili, mafungu matatu ya tatu, kigoda ya tano. Mengine yaongezee pale yatakapoingia.

Siku ya 66 kaa na daftari lako lote, ulisome kuanzia mwanzo ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Pigia mstari kila siku iliyokuwa mbaya, kisha tazama saa, mahali, na kilichotangulia. Nilitarajia kukuta siku zangu mbaya zimekaa karibu na tarehe za rejesho. Zipo chache. Nyingi zilikuwa siku za kupakia, na hasira au hofu imeandikwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na ukurasa wa mchana wa siku hizo unasema, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "sijala." Sasa siku ya kupakia nakula saa saba. Wapakiaji wamezoea, wananisubiri nimalize.